Programu Huria za Kusanifu Kurasa na Nafasi ya Lugha Zetu

Ukitoka mjini Gisenyi kwa barabara ya Musanze utapita Mahoko, senta ya biashara katika sekta ya Kanama, wilaya ya Rubavu. Katika senta za namna hii usanifu wa maandishi haungoji matbaa kubwa. Hufanyika katika vyumba vidogo vya kuchapa na kutoa fotokopi, ambako mtu mwenye kompyuta moja na printa huandaa kadi za harusi, matangazo ya maduka na hata mitihani ya shule. Makala haya yanaangalia historia ya zana ambazo mtu huyo anaweza kuzitumia bila kununua leseni, na namna lugha zetu zilivyoingia ndani yake.

Usanifu wa kurasa kwa kompyuta ya mezani ulienea baada ya kampuni ya Aldus kutoa PageMaker mwaka 1985. Adobe iliinunua Aldus mwaka 1994, na toleo kuu la mwisho la PageMaker, la 7, lilitoka mwaka 2001. Aliyekuwa amehifadhi majarida yake kwa programu hiyo akabaki na mafaili ambayo kompyuta mpya haiyatambui. Idara yenye diski za zamani kabatini inalijua tatizo hili vizuri.

Mkondo wa pili ulianza mwaka 1983, Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU. Alitaka kila mtumiaji awe na haki ya kuitumia programu apendavyo, kuisoma ndani, kuirekebisha na kuwagawia wengine. Kiingereza kina neno moja kwa kisicholipiwa na kilicho huru, kwa hiyo imembidi Stallman kueleza tofauti hiyo kwa miaka mingi. Kiswahili kimetuondolea adha hiyo. Photoshop iliyonakiliwa kwa wizi ni ya bure kwa aliyeipata, lakini si huria.

Kutokana na mkondo huo ikaja GIMP, ya kushughulikia picha, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Mwaka 2003 Scribus ya Franz Schmid, ya kupangia kurasa, ilifikia toleo la 1.0, na mwaka huohuo ikazaliwa Inkscape, ya michoro.

Haki ya kurekebisha ndiyo inayotuhusu zaidi walimu wa lugha. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice: programu za ofisi, pamoja na ile ya kuchora, kwa Kiswahili. Hakuna aliyehitaji kuiomba kampuni ya ng'ambo ruhusa. Mwaka 2005 ikafuata kazi ya Kinyarwanda, iliyozigusa GIMP na Inkscape zenyewe. Hata hivyo ilikuwa tafsiri ghafi, iliyounganishwa kutokana na hazina ya maneno waliyoyatafsiri watu kadhaa.

Mwanafunzi wa isimu ataona mara moja ugumu ulipo. Neno la Kiingereza lenye maana ya kuchaguliwa husimama peke yake katika orodha ya kutafsiriwa. Je, linahusu picha iliyochaguliwa, kitu kilichochaguliwa, au eneo lililochaguliwa? Orodha haisemi. Lugha za Kibantu hudai upatanisho wa ngeli, na mhandisi aliyeandika programu hakuwazia jambo hilo. Kwa maoni yangu, kazi hii ilihitaji mwanasarufi na mtumiaji wa kila siku wakae pamoja mbele ya kioo, neno kwa neno.

Mfano mwingine unatoka Oman, nchi yenye Waswahili wengi. Kwa muda mrefu Scribus haikuweza kuunganisha herufi za Kiarabu ipasavyo, kwa hiyo haikumfaa mtu anayetaka kuchapa Kiswahili kwa hati zilizotumiwa na washairi wa Lamu na Pate. Wataalamu wa programu huria wa Oman wakaifungua na kuirekebisha. Kazi yao ilionekana katika toleo la majaribio la 1.5.3, mwaka 2017, mwaka ambao Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, kisha ikaingia katika toleo thabiti la 1.6 Januari 2024. Sasa mhadhiri anaweza kuweka utenzi kwa hati za Kiarabu upande mmoja na za Kilatini upande wa pili.

Na wenye diski za PageMaker wasizitupe. Tangu toleo la 4.4 la mwaka 2015, LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, husoma mafaili ya programu hiyo. Mpangilio huweza kuvurugika, na fonti zikakosekana, lakini mara nyingi maandishi yenyewe huokolewa.