Magego ya mwisho: Endabash na Karatu

Magego ya mwisho, ambayo wengi huyaita meno ya hekima, huota nyuma kabisa ya kinywa, kwa kawaida kati ya miaka 17 na 25. Mtu akiyapata yote huwa manne, lakini wapo wasioota hata moja. Katika Endabash, kata ya Wilaya ya Karatu mkoani Arusha, yanayowasumbua wagonjwa zaidi ni yale ya chini, na mara nyingi tatizo hukuzwa na kuchelewa: uvimbe hutulizwa kwa vidonge vya duka la dawa, hupungua, kisha hurudi.

Chanzo ni nafasi. Taya la binadamu wa leo ni fupi kuliko la wahenga wake wa mbali, na chakula laini cha utotoni hulinyima kazi ya kulikuza. Mfano wa taya la kale upo jirani. Fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lina magego makubwa ajabu, na yale ya mwisho yalikuwa hayajalika kwa kutafuna. Ndiyo sababu lilihesabiwa kuwa la kijana. Taya lile lilikuwa na nafasi ya kutosha.

Gego lisipopata nafasi hulala ubavu, husukuma jirani yake au hubaki nusu ndani ya ufizi. Hali hii ya mwisho ndiyo inayoleta taabu. Kipande cha ufizi hulifunika kama kifuniko, ganda la mahindi au la mbaazi huingia chini yake, na mswaki haufiki. Ufizi huvimba na kuuma, kinywa hunuka, na gego la juu huukanyaga ufizi uleule kila mtu anapotafuna. Kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kunasaidia. Dawa za kuua bakteria hupoza maambukizi, lakini jino hubaki palepale. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu, mdomo ukagoma kufunguka au kumeza na kupumua kukawa kugumu, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Madoa ya kahawia yanayoonekana kwenye meno ya watu wengi wa kaskazini mwa Tanzania ni jambo jingine. Hayo huletwa na floraidi iliyozidi katika maji na magadi wakati meno yanajengeka utotoni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Wala gego la mwisho lisichanganywe na yale yanayoitwa meno ya nailoni, yaani vichipukizi vya meno ya watoto wachanga ambavyo waganga wengine huvichokoa wakidai vinaleta homa na kuhara. Uchokoaji huo ni hatari tupu.

Si lazima kila gego la mwisho ling'olewe. Uingereza, kwa mwongozo wa mwaka 2000, ilikataza kung'oa yaliyo mazima yasiyo na tatizo. Yanayostahili kutolewa ni yaliyooza, yanayovimba mara kwa mara au yanayoharibu jirani. Lililosimama wima hung'olewa kwa ganzi na koleo. Lililolala huhitaji picha ya eksirei kwanza, kwa sababu mizizi ya gego la chini huwa karibu na neva inayohisi mdomo. Ikiguswa, mdomo unaweza kufa ganzi kwa wiki au miezi, na mara chache moja kwa moja. Daktari hupasua ufizi, hupunguza mfupa kwa keekee, huligawa jino vipande na kushona. Kesi ngumu hupewa rufaa ya kwenda Arusha au hospitali ya KCMC, Moshi.

Baada ya kung'olewa, mgonjwa hung'ata pamba kwa takriban nusu saa na hasukutui siku hiyo. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Asivute sigara wala kufyonza kwa mrija, maana donge la damu likitoka mapema mfupa hubaki wazi na maumivu makali huanza siku ya tatu au ya nne. Hapo arudi kwa daktari, shimo lisafishwe na kuwekewa dawa.