Mchora Herufi Asiyepitia Chuo Kikuu

Kuna swali ambalo vijana huniuliza mara kwa mara: je, mtu aweza kuwa msanifu wa picha, tovuti au programu bila digrii? Mimi ninayo digrii ya sayansi ya kompyuta, na wahenga walishasema aliyeshiba hamjui mwenye njaa, kwa hiyo sitajitolea mfano. Leo nitasimulia historia ya mtu ambaye huenda umesoma kazi yake maelfu ya mara bila kulijua jina lake.

Anaitwa Matthew Carter, mzaliwa wa London, mwaka 1937. Kazi yake ni kubuni herufi, yaani zile fonti tunazochagua kwenye kompyuta. Kama uliwahi kuketi mbele ya kompyuta ya Windows katika saiba yoyote Nairobi au Mombasa miaka ya 2000, basi unazijua Verdana na Georgia. Zote mbili ni zake.

Carter alikuwa na nafasi ya kusoma Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kabla ya kuanza, mwaka 1955, alikwenda Uholanzi kukaa mwaka mmoja katika kiwanda cha chapa cha Enschedé, mjini Haarlem. Huko akawa mwanagenzi chini ya fundi mkongwe, P. H. Rädisch. Kazi ilikuwa hivi: unachukua kipande cha chuma cha pua, unachonga herufi moja kwenye ncha yake, kinyumenyume, kwa udogo ule ule itakaochapwa nao. Kisha chuma hicho hugongwa kwenye shaba ili kupata kalibu, na ndani ya kalibu humiminwa risasi iliyoyeyushwa. Ukichonga kupita kiasi, chuma hakirudi. Unaanza upya.

Mwaka ulipokwisha, Carter aliamua kutokwenda Oxford.

Sasa usidhani mambo yalimnyookea. Ufundi aliojifunza ulikuwa umepitwa na wakati. Aliporudi London hakukuwa na soko la mtu wa kuchonga herufi kwenye chuma, akawa anapata riziki kwa kuchora maandishi ya kila aina na nembo, huku akijifundisha herufi za kisasa ambazo Haarlem hawakumfundisha. Mwaka 1963 alianza kufanya kazi na kampuni ya Crosfield, iliyokuwa na mashine za kupanga maandishi kwa mwanga na filamu badala ya risasi. Mwaka 1965 akahamia New York kuifanyia kazi kampuni ya Mergenthaler Linotype. Teknolojia ikabadilika, naye akaanza tena kujifunza.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ile aliyoifanyia kampuni ya simu ya AT&T. Vitabu vya orodha ya simu vya Marekani vilitumia herufi za Bell Gothic, zilizobuniwa mwaka 1938 kwa ajili ya mashine za risasi. Mashine mpya zilipoingia, ambazo zilichora herufi kwa miale kwenye kioo kama cha televisheni, herufi zile zilianza kukatika na kufifia. Tarakimu ikikatika kwenye kitabu cha simu, unampigia mtu mwingine kabisa. Carter akabuni Bell Centennial, iliyotolewa mwaka 1978. Alizichora herufi hizo nukta kwa nukta, kwa mkono. Tena, kwa kuwa karatasi ilikuwa duni na wino ulitambaa, aliacha vipengo vidogo pale mistari inapokutana. Ukizikuza, herufi hizo zinaonekana kama zimeng'atwa na panya. Zikichapwa kwa udogo wake, wino unajaza vipengo na herufi inakuwa safi. Hapo namwona yule kijana wa Haarlem: mtu anayeanza kwa kuuliza kifaa chake kitafanya nini, kisha ndipo anachora.

Mwaka 1981 alishirikiana na wenzake kuanzisha Bitstream, kampuni ya fonti za kidijitali, na mwaka 1991 yeye na Cherie Cone wakaanzisha kampuni yao, Carter & Cone. Kisha Microsoft wakamjia na tatizo la kioo cha kompyuta. Pikseli za wakati huo zilikuwa kubwa, na mstari wa herufi ungeweza kuwa na unene wa pikseli moja au mbili, hakuna moja na nusu. Desturi ilikuwa kuchora herufi nzuri ya karatasi, kisha kuilazimisha iingie kwenye pikseli. Carter aligeuza utaratibu huo. Alipanga pikseli kwanza, halafu akachora umbo la herufi kuzizunguka. Tom Rickner wa kampuni ya Monotype akaandika maagizo yanayokaa ndani ya fonti ili umbo lile lirudi kwenye pikseli zile zile. Ndiyo, fonti ina programu ndani yake! Verdana ilitoka mwaka 1996. Andika neno "Ilani" kwa Arial, na herufi mbili za kwanza ni vijiti viwili vinavyofanana. Liandike kwa Verdana: I kubwa ina vibao juu na chini, na huwezi kukosea.

Mwaka 2010 Carter alipewa tuzo ya MacArthur, dola 500,000 za Marekani. Mwaka 2011 jumba la makumbusho la MoMA, New York, liliziingiza Verdana na Bell Centennial katika hazina yake ya sanaa.

Lakini tusidanganyane. Baba yake, Harry Carter, alikuwa mwanahistoria wa herufi na chapa, na ndiye aliyemfungulia mlango wa kule Haarlem. Wanaosimulia habari za watu waliojifundisha wenyewe hupenda kuruka sehemu hii. Mimi siiruki, kwa sababu ndiyo yenye faida kwa kijana anayesanifu kadi za harusi na mabango kwenye kibanda cha chapa River Road. Nikiitazama digrii yangu kwa unyofu, naona ilinipa vitu vitatu: watu wa kuwauliza, vifaa vya kufanyia mazoezi, na miaka ya kukosea bila kufukuzwa. Haarlem ilimpa Carter vitatu hivyo hivyo ndani ya mwaka mmoja, bila cheti.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, inawezekana, ila usiulize tu kama digrii inahitajika. Uliza vitu hivyo vitatu utavipata wapi. Mtafute fundi anayekuzidi na umwombe akosoe kazi yako. Ijue karatasi, ujue wino, uijue skrini ya simu ya bei nafuu ambayo mteja wako anaitumia. Na wewe mwenye kuajiri, kabla hujaiweka barua ya maombi kando kwa kukosa cheti, fungua kwanza kazi aliyoiambatisha.