Golf GTI kuukuu: Kagua pampu kabla ya rangi

KAMAKIS, penye nyama choma kando ya Eastern Bypass mjini Ruiru, huvutia wenye magari ya kung'aa kila mwisho wa juma. Hata hivyo, uzima wa Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha tano haupimwi kwa rangi wala rimu.

Gari hilo lilianza kuuzwa mwaka 2004, likiwa na injini ya turbo ya lita 2.0 yenye nguvu za farasi 200. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, aliye nalo hana budi kulitunza.

Anayelifufua nyumbani aanzie kwenye pampu ya petroli ya shinikizo kubwa. Kati yake na kamshafti hukaa kikombe kidogo cha chuma chenye utando mweusi. Utando ukilika, chuma hung'aa na kikombe hufaa kubadilishwa. Kikitoboka, huiharibu kamshafti na pampu yenyewe. Injini ipoe na shinikizo la petroli liondolewe kabla ya kuifungua pampu.

Pili, mkanda wa taimingi ambao haijulikani ulibadilishwa lini uondolewe upesi: ukikatika, pistoni hugonga vali. Tatu, giaboksi ya DSG ya gia 6 huhitaji oili mpya kila kilomita 60,000. Kazi hiyo apewe fundi mwenye kompyuta ya kupima joto la oili.

Kabla ya kuingia chini ya gari, liegemezwe kwenye stendi imara. Jeki ni ya kuinulia, si ya kukabidhiwa uhai.