Onyo Alilolikataa Kabaka

Sisi wa Nyololo, pamoja na Kanisa lote, humkumbuka Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake kila tarehe 3 Juni. Leo tumtafakari Mkatoliki wa kwanza kati yao kuuawa, Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa watumishi wa Kabaka Mwanga wa Buganda.

Tarehe 29 Oktoba 1885, Askofu Mwanglikana James Hannington aliuawa huko Busoga kwa amri ya Kabaka. Yosefu alimwonya bwana wake waziwazi. Kabaka aliona onyo hilo kuwa usaliti, na tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu akauawa, akiwa amemsamehe Kabaka na kumsihi atubu.

Mwanga hakusikia, mwaka 1886 aliua wengi zaidi. Mwaka 1888 akapinduliwa, akapata hifadhi kwa wamisionari Wakatoliki wa Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria. Hatimaye alibatizwa uhamishoni Shelisheli, alikofariki mwaka 1903.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwanga atufundisha kuwa hata asiyesikia la mdogo huvunjika. Basi tuonywapo na mwenzi, mtoto au mwanajumuiya, tusiulize kwanza, “Wewe ni nani?” Tujiulize, “Je, asemalo ni kweli?”