Uwanja wa Mbio na Haki ya Kipimo

Katika ujenzi wa viwanja vya michezo, kazi iliyo ngumu kuliko kusawazisha ardhi na kupandisha ngazi za watazamaji ni kuipima njia ya mbio. Maana mkimbiaji hushindana na wenziwe walio ubavuni pake, na hushindana pia na wasiokuwapo. Na hao wa pili hana pa kukutana nao ila katika kipimo.

Wayunani wa kale walikimbia stadi, yaani futi 600; lakini futi ya mji mmoja haikuwa sawa na ya mwingine. Kwa hiyo njia ya Olympia ilikuwa na urefu wa mita 192, na ya Delphi yapata mita 178, na zote mbili zikaitwa stadi moja. Olympia watazamaji walikaa juu ya kingo za udongo. Jiwe lilitumika kwa mistari ya kuanzia na kumalizia, na kwa viti vichache vya waamuzi. Tofauti ya futi haikumdhuru mtu, kwa kuwa hapakuwa na saa ya kuhesabu nukta: aliyetangulia siku ile ndiye mshindi, basi.

Mwaka 1896 uwanja wa kale wa Athens ulifufuliwa kwa marumaru, kwa gharama ya tajiri Georgios Averoff. Umbo lake jembamba liliachwa vile vile, na kona zake zikawa kali hata wakimbiaji wakalazimika kupunguza mwendo. Na safari hii saa zilikuwa mikononi mwa waamuzi. Baadaye kila mji ulijenga kwa hesabu yake: mzunguko wa London mwaka 1908 ulikuwa theluthi ya maili, wa Stockholm mwaka 1912 mita 383, wa Paris mwaka 1924 mita 500. Amsterdam mwaka 1928 ilijenga mita 400, na tangu hapo michezo ya Olimpiki haikukiacha kipimo hicho.

Hesabu inayofuatwa leo ni hii: pande mbili zilizonyooka, kila moja mita 84.39, na nusu duara mbili zenye nusu-kipenyo cha mita 36.50. Lakini kona hupimwa sentimita 30 nje ya ukingo wa ndani, kwani hapana awezaye kukimbia juu ya ukingo wenyewe. Mwenye kuzisahau sentimita hizo atajenga njia yenye kosa la karibu mita 2.

Kosa hilo si dogo. Mwaka 1974, huko Christchurch, Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaivunja rekodi ambayo Jim Ryun wa Marekani aliiweka Los Angeles mwaka 1967. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.9, ndiyo kama mita 6 za mbio. Kosa la mita 2 katika kila mzunguko lingetosha kuimeza tofauti yote. Fundi mwenye kamba na vigingi, ambaye jina lake halitangazwi, ndiye shahidi wa kwanza wa kila rekodi.