Dakika nane za Johannes Kepler

Leo hakuna habari za programu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Leo ni historia, ila ni historia ambayo imo ndani ya simu yako.

Simu inapotafuta mahali ulipo, haitumiwi ramani kutoka angani. Setilaiti za GPS hutuma namba tu: saa, na vipimo vichache vya njia ambayo setilaiti inafuata, yaani ukubwa wa njia hiyo, imebonyea kiasi gani, imeinama vipi. Hesabu inapigwa na simu yenyewe. Mojawapo ya hesabu hizo ni mlinganyo mfupi, M = E − e sin E, ambao hauna njia ya mkato ya kuipata E. Unakisia, unasahihisha, unarudia, mpaka tofauti iwe ndogo isiyo na maana. Aliyetupa mlinganyo huo, na akaonyesha namna ya kukisia na kusahihisha, ni Johannes Kepler, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1571. Huyu hakuwa na nia ya kuwa mwanafalaki. Alikuwa Tübingen akisomea uchungaji.

Nimemchagua yeye kwa sababu ya ule ubishi usiokwisha, wa dini na sayansi. Upande mmoja wanasema sayansi ya kisasa ilizaliwa siku watu walipoacha kuamini. Hadithi hii ina umri wake: waliyoieneza zaidi ni Wamarekani wawili, John William Draper katika kitabu cha mwaka 1874 na Andrew Dickson White katika kingine cha mwaka 1896, na wote wawili waliieleza kama vita. Upande wa pili wanasema sayansi yote imo katika vitabu vitakatifu, wazungu walinakili tu. Ukimsoma Kepler unakuta pande zote mbili zinatatizika.

Mwaka 1594, kabla hajamaliza masomo ya dini, alitumwa Graz kufundisha hisabati. Hakufurahia sana. Lakini mwaka uliofuata alimwandikia mwalimu wake wa zamani, Michael Mästlin, kwamba kwa muda mrefu alitaka kuwa mwanatheolojia, na sasa anaona Mungu anatukuzwa katika falaki kwa kazi yake. Kwa Kepler hayo hayakuwa maneno ya kujipamba. Aliamini Muumba aliumba kwa jometri, na kwamba akili ya mwanadamu iliumbwa kwa namna ya kuweza kuisoma jometri hiyo. Kwa hiyo akauliza swali ambalo wengine hawakuona haja ya kuliuliza: kwa nini sayari ni sita? Kwa nini si ishirini, au mia? (Wakati ule zilijulikana sita, Dunia ikiwemo. Uranus haikugunduliwa mpaka mwaka 1781.)

Jibu alilolipata lilikuwa zuri ajabu. Maumbo manene ambayo nyuso zake zote ni sawasawa yako matano tu, yenye nyuso 4, 6, 8, 12 na 20. Sayari sita zina nafasi tano kati yake. Ukiyapanga maumbo hayo moja ndani ya jingine, umbali wa sayari unakaribia kutokea wenyewe! Akachapisha kitabu mwaka 1596, Mysterium Cosmographicum.

Tatizo ni kwamba jibu hilo si kweli. Ni sadfa tupu. Kepler mwenyewe hakuliacha mpaka kufa, na mwaka 1621 alikichapisha kitabu kile tena pamoja na maelezo mapya. Basi mwenye kusema imani ilimpotosha, ushahidi huo anao.

Lakini ngoja kidogo. Katika kitabu hichohicho kuna wazo jingine la kidini. Kepler aliuona ulimwengu kama mfano wa Utatu: Jua katikati ni kama Baba, tufe la nyota huko nje ni kama Mwana, na nafasi iliyo kati ni kama Roho Mtakatifu. Kwa mtu wa leo ni maneno ya ajabu. Sasa angalia lilikompeleka. Kama Jua ni mfano wa Baba, basi haliwezi kuwa taa tu iliyowekwa katikati, ni lazima nguvu inayosukuma sayari itoke humo. Copernicus, katika kitabu chake cha mwaka 1543, hakupima njia za sayari kutoka kwenye Jua lenyewe bali kutoka nukta tupu iliyo karibu nalo, kitovu cha njia ya Dunia. Kepler alikataa. Akasema hesabu zote zianzie kwenye Jua lenyewe. Ulikuwa uamuzi sahihi, na bila huo asingefika popote. Mzizi wa wazo bovu na mzizi wa wazo zuri ni uleule, na hakuna aliyeweza kuyatenganisha kwa kuyatazama tu.

Kilichoyatenganisha ni data. Mwaka 1600 Kepler alifukuzwa Graz pamoja na Waprotestanti wengine waliokataa kuwa Wakatoliki. Akaenda Prague kwa Tycho Brahe, Mdenmaki aliyekuwa amepima sayari kwa miaka mingi kwa macho tu, bila darubini, kwa vyombo vikubwa vya kupimia pembe. Vipimo vyake vizuri vilikuwa na kosa la dakika mbili hivi. Hapa dakika si ya saa: nyuzi moja ina dakika 60, na mwezi mpevu angani una upana wa dakika kama 30. Tycho alikufa mwaka 1601, na vipimo vikabaki mikononi mwa Kepler (warithi hawakufurahi, ila hiyo ni hadithi ya siku nyingine).

Alipewa Mirihi, sayari sumbufu kuliko zote. Akaanza na duara, kama kila mtu tangu enzi za Wayunani. Akakisia, akapiga hesabu, ikakataa, akarudia. Katika kitabu chake anamwambia msomaji kwamba kama anachoshwa na kusoma hesabu hizo, amhurumie yeye aliyezipitia mara zisizopungua 70. Kwa kalamu ya unyoya, bila hata majedwali ya logi! Tuliosoma Kenya na kile kitabu chembamba cha majedwali tunajua uchungu wa kutafuta namba moja tu.

Mwishowe akapata mfumo wa duara ulioafikiana na vipimo vya Tycho kwa dakika mbili. Kazi imeisha? Mtu mwingine angechapisha. Kepler akaujaribu kwa vipimo vya aina nyingine, na hapo ukakosea kwa dakika nane.

Dakika nane ni kama robo ya upana wa mwezi. Ptolemy, yule mwanafalaki wa Alexandria, hakudai usahihi zaidi ya dakika kumi, kwa hiyo kwa kipimo chake kosa la nane si kosa. Sisi waandika programu tunajua la kufanya hapa: unaweka kiraka, unaandika maelezo kwamba utarudi baadaye, na hurudi. Kepler aliandika wazi kwamba kama angeona inafaa kuzipuuza dakika nane, angeweka kiraka kwenye nadharia yake. Hakuweka, na sababu aliyoitoa ni ya kidini. Alisema wema wa Mungu umetupa katika Tycho mpimaji makini kiasi hicho, kwa hiyo inatupasa kuipokea zawadi hiyo kwa shukrani na kuitumia. Kukitupa kipimo cha Tycho kungekuwa kumrudishia Mungu zawadi yake.

Hapa ndipo ninapoona uhusiano wenyewe ulipo. Imani haikumpa Kepler jibu. Ilimpa uhakika kwamba jibu lipo, na ikamfunga asidanganye katika kulitafuta. Duara lenyewe lilikuwa kitu kitakatifu kwa wasomi wa miaka elfu mbili, umbo kamili linaloifaa mbingu. Alilivunja kwa sababu ya robo ya upana wa mwezi. Mwaka 1605 akafika kwenye duaradufu, na mwaka 1609 kitabu chake Astronomia Nova kikatoka. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi siku ya Jamhuri mwaka 1970, ilizunguka kwa kanuni hizohizo.

Je, makanisa yalimshukuru? Thubutu! Alipotaka kuchapisha kile kitabu cha mwaka 1596, chuo cha Tübingen kilimtaka aondoe sehemu iliyoeleza kwamba mwendo wa Dunia haupingani na Biblia. Mwaka 1619 Roma ilikitia kitabu chake cha kufundishia falaki ya Copernicus katika orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku. Kesi ya Galileo ya mwaka 1633 inajulikana na kila mtu, sina haja ya kuirudia. Lakini pigo lililomuuma Kepler zaidi halikuhusu nyota hata kidogo. Alipohamia Linz mwaka 1612 mchungaji wa Kilutheri alimnyima Meza ya Bwana, kwa sababu alikataa kutia sahihi hati ya imani ambayo sehemu yake moja, kuhusu mwili wa Kristo kuwa kila mahali, hakuiamini. Angetia sahihi tu na kunyamaza, wangapi walifanya hivyo? Hakutia. Na hakuwa Mkatoliki wala Mkalvini, ingawa kila upande ulimshuku kuwa wa upande mwingine. Mtu yuleyule aliyekataa kupuuza dakika nane alikataa kupuuza sentensi moja.

Kisha mama yake, Katharina, akashtakiwa kuwa mchawi. Mashtaka yalianza mwaka 1615, akafungwa mwaka 1620, mwanamke mzee mwenye minyororo kwa miezi 14. Kepler aliacha kazi akaenda kumtetea. Mama akaonyeshwa vyombo vya mateso, akakataa kukiri, akaachiliwa mwaka 1621. Mwaka uliofuata alifariki.

Watu waliomzunguka Kepler nao ni walewale wa dini. John Napier, Mskoti aliyechapisha logarithimu mwaka 1614, alijulikana kwanza kwa kitabu cha mwaka 1593 cha kufasiri Ufunuo, ambamo alipiga hesabu ya mwisho wa dunia (mwisho haukufika, logi zikabaki). Na sisi watu wa tarakilishi tuna babu tuliyemsahau: Wilhelm Schickard, profesa wa Kiebrania aliyekuwa pia amehudumu kanisani. Mwaka 1623 alimwandikia Kepler kwamba ameunda mashine ya magurudumu inayojumlisha na kutoa yenyewe, na kubeba makumi bila kusaidiwa. Hii ni karibu miaka 20 kabla ya mashine ya Pascal. Alikuwa akimtengenezea Kepler ya kwake, lakini mwaka 1624 moto uliiteketeza usiku ikiwa haijakamilika. Dunia ilikuja kuijua mashine hiyo vizuri mwaka 1957 tu, kwa michoro iliyokutwa katika makaratasi ya Kepler.

Kepler akamaliza majedwali yake ya sayari mwaka 1627, kwa logi za mkono. Alikufa Regensburg mwaka 1630, na vita vya madhehebu vikalifuta kaburi lake. Alikuwa ameacha tangazo kwamba tarehe 7 Novemba 1631 Utaridi itapita mbele ya Jua. Siku hiyo Pierre Gassendi, padri Mkatoliki wa Paris, aliuelekeza mwanga wa Jua kwenye karatasi akaona kitone cheusi kikipita. Majedwali ya Kepler yalikosea kwa chini ya nusu ya upana wa Jua. Majedwali mengine ya wakati huo yalikosea kwa nyuzi kadhaa.

Mwenye kutaka kuujaribu ule mlinganyo wa juu, unaandikika kwa mistari isiyozidi kumi katika lugha yoyote. Tumia radiani. Anza na E = M, kisha rudia E = M + e sin E. Kwa Mirihi weka e = 0.093. Kila ukizunguka utapata tarakimu moja zaidi iliyo sahihi.