Visiwa vya Tana, kwa Probox

Kila baada ya wiki chache simu yangu hunionyesha video ileile. Gari lisilo na paa, barabara imenyooka juu ya bahari, kisiwa kinafuata kisiwa mpaka Key West, ncha ya Florida. Nimewahi kuisoma historia yake usiku mmoja nisipopata usingizi: ilikuwa reli kwanza, kimbunga cha 1935 kikaivunja, na 1938 ikafunguliwa kama barabara ya magari. Kilomita 180 hivi, madaraja 42. Watu hutoka mbali kwenda kuendesha pale na kusimama kila mahali kupiga picha.

Sisi pia tunayo barabara ya visiwa. Inatoka Malindi, inapita Minjila karibu na Garsen, inaingia Witu na kuishia Mokowe. Tofauti ni kwamba visiwa vyetu huvioni mpaka mvua inyeshe Mlima Kenya.

Februari iliyopita niliiendesha yote. Si utalii, ni kazi ya kutumwa. Binamu yangu anafanya kazi Hindi, karibu na Mokowe, na Probox yake ilikuwa imelala Malindi kwa fundi. Akaniambia, wewe si uko free, nipelekee gari, mafuta nitatuma. Shangazi aliposikia napita Minjila akaongeza mzigo: nipitie kwa nyanya kijijini, nimpakie na vitu vyake, nimlete kwake Minjila. Akae huko moja kwa moja. Nyumba ya nyanya ilikuwa imeingia maji Novemba 2023, ikaingia tena Aprili 2024, na watoto wake walikuwa wamekubaliana kwenye simu kwamba basi, imetosha.

Nyanya ndiye ambaye hakuwa ameulizwa.

Ukitoka Malindi unavuka Sabaki, unapita Mambrui, Gongoni na Marereni, ambako chumvi imerundikwa kama vilima vyeupe, kisha nyika inaanza. Vichaka, mbuzi, joto. Kwa mgeni hii ni nchi kame, hadithi imeisha. Ndiyo maana watu hushangaa wakifika karibu na Tarasaa na kuona kijani kimeanza ghafla, miembe na migomba na mpunga, utadhani mtu amekunja ramani akaunganisha nchi mbili.

Kilichofanya hivyo ni mto. Tana ndio mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita 1,000, na maji yake hutoka Mlima Kenya na Aberdare. Garsen isinyeshe hata tone, na bado uamke asubuhi maji yako mlangoni. Miaka na miaka mto umekuwa ukimwaga mchanga kwenye kingo zake, kwa hiyo kingo ni za juu kuliko mbuga iliyo nyuma yake. Wapokomo walijenga juu ya kingo hizo. Mto ukifura, maji huzunguka nyuma, yanajaza mbuga, na kijiji kinabaki kisiwa. Hapo ndipo mtumbwi unakuwa matatu, ambulansi na basi la shule. Maji yakirudi huacha tope jeusi, na kwenye tope hilo unapanda mpunga na mahindi bila mbolea. Mafuriko kwa wazee wetu yalikuwa kama mshahara: yakichelewa, watu walilalamika.

Nilimkuta nyanya chini ya mwembe, anapepeta mchele. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, tukazungumza juu ya kila mtu isipokuwa jambo lililonileta. Ukutani mwa nyumba kulikuwa na mistari miwili ya tope, mmoja usawa wa goti langu, mwingine usawa wa kiuno. Akaniona nikiiangalia.

"Huo wa chini ni wa juzi," akasema. "Wa juu ni wa mwaka ule wa kwanza. Hiyo si kitu. Ya '61 ilifika pale." Akaonyesha tawi la mwembe.

Mafuriko ya 1961 ndiyo kalenda yake. Shangazi, huyuhuyu anayetaka kumhamisha, alizaliwa maji yakiwa yamezunguka kijiji, juu ya uchaga uliofungwa na wanaume usiku ule. Mkunga aliletwa kwa mtumbwi. Nyanya hahesabu miaka kwa uchaguzi wala kwa marais. Anahesabu '61, halafu mabwawa, halafu El Nino.

Mabwawa nilidhani anayataja kwa kupita tu, kumbe ndiyo kiini cha hoja yake. Kati ya 1968 na 1988 serikali ilijenga matano huko juu: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Umeme uliowasha Nairobi ulitoka kwenye mto wetu, wakati vijiji vya delta vilikaa na koroboi miongo mingine kadhaa. Lakini malalamiko ya nyanya si umeme. Ni kwamba mto ulipoteza adabu. Zamani maji yalikuja misimu miwili, mzee aliweza kuangalia rangi ya mto akakwambia una siku ngapi. Baada ya mabwawa, mafuriko madogo yenye faida yalipungua, na makubwa yanakuja kwa tangazo la redio: bwawa limejaa, maji yatafurika, hameni.

Halafu 1997 ikaja El Nino, ambayo hata bwawa halikuweza. Pale Gamba kulikuwa na shamba kubwa la mpunga la serikali, limejengwa kwa msaada wa Japani, lina mifereji na kingo za kisasa. Mto ulilivunja. Vijiji vilivyokuwa juu ya kingo za zamani viliharibika pia, lakini watu walirudi wakapanda. Shamba la kisasa lilibaki kimya kwa miaka.

"Sasa niambie," nyanya akasema, "nani anajua mto? Mimi au injinia?"

Nikamwambia polepole kwamba shangazi amesafisha chumba, kuna umeme, hospitali iko karibu. Hakukasirika. Aliinuka, akanishika mkono, akanitembeza. Mwembe huu ulipandwa na babu wa babu yako. Kutoka hapa hadi mtoni ni yetu. Kutoka kisiki kile hadi migomba ni ya mdogo wake. Njia hii ni malka.

Malka ni ushoroba wa ng'ombe. Wakati wa kiangazi Waorma huleta mifugo kutoka nyikani, na malka ndiyo njia yao ya kufikia maji katikati ya mashamba. Nyanya alikuwa na rafiki wa Kiorma aliyemletea maziwa kila kiangazi, naye akimpa mahindi na mchele. Urafiki wa namna hiyo ulikuwa sheria bila karatasi. Mashamba yalipozidi kubana malka, ng'ombe wakaanza kupita kwenye mazao, na sheria ile ikavunjika. Mwaka 2001 watu waliuana. Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa, zaidi ya watu 50 waliuawa asubuhi moja, wengi wanawake na watoto, na mauaji ya kulipizana yakaendelea hadi mwanzo wa 2013. Kwenye habari waliita "mapigano ya kikabila". Ukitembea na nyanya unaona ilikuwa pia ugomvi wa upana wa njia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nyanya hana hatimiliki. Karibu hakuna mtu pale aliye nayo. Kinachofanya shamba liwe lake ni kwamba yupo. Watu wanaomwona asubuhi anapepeta mchele chini ya mwembe ndio hati yake. Miaka michache kabla ya 2012 delta hii ilikuwa imegawanywa kwenye makaratasi kwa miradi ya sukari na mazao ya mafuta, maelfu ya hekta, watu wakaenda mahakamani. Wakati huo kila mkazi alijifunza somo moja: ardhi isiyo na mtu juu yake, ofisini inaitwa ardhi tupu.

"Nikienda kwa shangazi yako nitakuwa mgeni," akasema. "Na hapa patakuwa pa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilibaki usiku ule, tukala wali na samaki, na asubuhi nikaondoka na gunia la maembe kwenye kiti nilichokuwa nimemwekea yeye. Shangazi alipoliona gunia pale Minjila hakuuliza kitu. Alicheka kidogo, halafu akafuta macho.

Kutoka Minjila barabara ya Lamu inapinda kulia na kuingia mbugani kwenyewe. Unavuka Tana daraja la Idsowe, unapita Gamba, unafika Lango la Simba. Hapa ndipo Florida yetu. Tuta la lami, kushoto maji, kulia maji, korongo wamesimama kama walinzi, na kwa mbali kijiji juu ya kijilima chake. Februari yalikuwa mabwawa tu ya kubaki. Mwishoni mwa 2023 barabara yenyewe ilizama sehemu hii, mabasi yakasimama, na Lamu ikakatwa na bara kana kwamba yote ni visiwa.

Nilisimama nipige picha. Askari wa kizuizi akaniuliza napiga picha ya nini. Nikamwambia maji. Akanitazama kama mtu ambaye hana kazi, na hakukosea sana. Barabara hii ina sababu za kuogopa kamera. Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji jirani, na Julai kituo cha polisi cha Gamba kikavamiwa. Kwa miaka mabasi yalitembea kwa msafara wa polisi. Lami imepunguza safari, lakini dereva yeyote wa Lamu atakwambia bado anaangalia saa.

Witu leo ni mji wa kupita: chai, mahamri, unaendelea. Katikati ya karne ya 19 palikuwa usultani. Ahmed, aliyeitwa Simba, alitoka Pate akimkimbia Sultani wa Zanzibar, akajificha nyuma ya msitu, na watumwa waliotoroka wakajiunga naye. Wajerumani wawili, ndugu Denhardt, wakafanya naye mkataba 1885, na Witu ikawa chini ya Ujerumani. Mwaka 1890 Ujerumani na Uingereza zikakaa mezani Berlin: Waingereza wakatoa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini, na katika mabadilishano hayo Witu ikaenda kwao. Hakuna mtu wa Witu aliyeulizwa. Miezi michache baadaye Wajerumani kadhaa waliuawa pale, na Oktoba wanamaji wa Kiingereza wakaja wakauchoma mji.

Nilipokuwa nakunywa chai nilifikiria ule mkutano wa simu wa baba na ndugu zake. Aibu ikanishika.

Lakini historia ninayoipenda zaidi ya Witu ni ya mtaro. Zamani Tana iliingia baharini kusini zaidi, na Ozi ulikuwa mto mwingine, unaotoka Kau hadi Kipini, mji ambao wengine husema ndiko lilipo kaburi la Fumo Liyongo. Katika karne ya 19 watu wa huku walichimba mfereji kuunganisha mito hiyo miwili, ili mitumbwi yenye mchele ipite bila kukutana na mawimbi ya bahari. Waliuita Belezoni. Ulikuwa mfereji mwembamba. Mto ukauona, ukaupenda, ukaupanua furiko baada ya furiko, mpaka Tana yenyewe ikahama. Leo maji ya Mlima Kenya yanaingia baharini Kipini, kupitia njia iliyoanza kwa majembe.

Mokowe nilifika alasiri. Lami inaishia gatini. Ng'ambo ni Lamu, nyuma yake Manda, Pate, Ndau na Kiwayu, visiwa halisi, na hakuna hata kimoja unachoingia kwa gari. Binamu alizunguka Probox mara mbili akitafuta mikwaruzo, akachukua ufunguo na nusu ya maembe. Vijana wa boti waliniita nivuke. Sikuvuka, nauli ya kurudi ilikuwa inatosha basi tu.

Mei mvua zilikuwa zimeshika bara. Nyanya alinipigia kwa simu ya jirani. Maji yako kwenye migomba, akasema, bado hayajafika mlangoni, mchele ameshaupandisha darini. Sauti yake ilikuwa na haraka ya mtu mwenye kazi. Kisha akauliza kama bado naandika vitu kwenye kompyuta. Nikasema ndiyo.

"Basi andika," akasema. "Kutoka mwembe hadi mtoni. Kutoka kisiki hadi migomba, ya mdogo wangu. Malka inapita kaskazini, isizibwe. Umeandika?"

Nimeandika, nyanya.